Yunisi na Mawimbi ya Wote

Yunisi alikuwa na miaka sitini na moja siku alipokataa kutia sahihi karatasi iliyoletwa kwa gari, na aliikataa akiwa ameshika kalamu. Mjini Itigi wanaisimulia wanavyotaka. Wengine wanasema alimtukana afisa. Hakumtukana mtu. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka pale aliposimama, na katika miaka thelathini ya kuimba naye kwaya sijasikia tusi likitoka kinywani mwake. Lakini kukataa, hilo analiweza. Ndiyo maana naandika, ili wajukuu zetu wasije wakasimuliwa upande mmoja.

Alizaliwa hapa hapa Itwili, kitongoji chetu cha wafugaji na warina asali, kilomita sita kutoka mjini ukipita njia ya vichakani. Alimaliza darasa la saba kama sisi wengine tuliobahatika, akaolewa na Anselm, fundi wa reli. Kazi ya Anselm ilikuwa kufuata nyaya za simu kandokando ya reli, kwa miguu, akitafuta zilipokatika. Yunisi alianza kwa kumpelekea chakula. Baadaye akawa anamshikia koleo. Mwisho, kifua kilipoanza kumsumbua mumewe, akawa anapanda nguzo yeye, na Anselm amekaa chini anamwelekeza kwa kidole. Wenye reli hawakujua, au walijua wakanyamaza. Nyaya zilikuwa zinaongea, basi.

Anselm alifariki mwaka 2009. Baada ya matanga ndugu zake walikuja kuchukua mizinga yake, kwa sababu kwetu mwanamke alikuwa hapandi mzinga, na alama iliyochomwa kwenye mzinga ni ya ukoo wa mwanamume. Yunisi aliwapa chai. Walipomaliza kunywa alichukua kamba, akajifunga kanga vizuri, akapanda mti wa kwanza mbele ya macho yao.

"Alama ni ya Anselm," aliwaambia kutoka juu, "na Anselm ni mume wangu. Anayeutaka mzinga huu aufuate."

Hakuna aliyeufuata. Aliyecheka kuliko wote siku ile alikuwa Benjamin, shemeji yake mdogo, ambaye sasa ana duka la simu mjini, mkabala na ofisi ya usharika wetu. Mkumbukeni huyo Benjamin. Si mtu mbaya. Ni mtu wa kupenda kushinda.

Sasa, shida ya Itwili. Sisi tuko bondeni, na simu za mkononi hazishiki. Ukitaka kupiga simu unapanda kilima cha mawe nyuma ya kitongoji, unasimama kwenye jiwe la juu kabisa, unanyoosha mkono kama mtu anayeapa, na hata hapo hupati kila siku. Mwaka 2019 Scola, binti wa jirani yangu, alishikwa na uchungu mchana wa Jumanne. Magreth, mhudumu wetu wa afya, aliona mapema kwamba hali si nzuri. Simu haikushika. Kijana mmoja alipanda baiskeli kwenda kuita gari la wagonjwa. Gari lilikuja, lakini lilikuja jioni. Scola tulimpata. Mtoto hatukumpata.

Tulipotoka makaburini Yunisi hakulia. Alisema tu, "Kilomita sita. Anselm angevuta waya kwa wiki moja."

Waya hatukuwa nao. Lakini mjini alikuwepo Fredrick, mwalimu wa kompyuta wa sekondari, kijana wa kwaya, ambaye alikuja siku moja kununua asali. Tulikuwa tunachuja, kundi letu la akina mama warina asali, na yeye akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akaanza kueleza.

"Mama Yunisi, waya hauhitajiki. Ofisi ya usharika ina intaneti. Tukiweka dishi dogo pale kanisani na lingine hapa, yakatazamana, mnapata mtandao. Mnapiga simu kwa intaneti."

"Hayo madishi si redio? Na leseni yake tunaipata wapi?"

"Kuna masafa hayahitaji leseni."

Yunisi aliacha kuchuja. "Mwalimu, usinidanganye nimeshika asali. Hata mbwa wangu ana cheti cha chanjo. Kitu gani hapa duniani hakina karatasi?"

Ndipo Fredrick akatusimulia habari ambayo mimi nilidhani haina maana, na sasa naijua kama sala ya asubuhi. Alisema tangu redio ianze, serikali za dunia ziligawa mawimbi kama mashamba. Haya ya jeshi, haya ya ndege, haya ya polisi, haya ya matangazo. Unaomba, unapewa kipande chako, na jirani haruhusiwi kukanyaga. Lakini kulikuwa na mashine zinazotoa mawimbi bila kusema neno lolote, za viwandani, za hospitali, na baadaye majiko yale ya umeme ya kupashia chakula. Zilikuwa zinapiga kelele tu hewani. Basi miaka ya arobaini wakubwa wa mataifa walikutana, wakazitengea ukanda wao, wakasema hapo ni pa kelele, atakayepita hapo asilalamike.

"Yaani jalala," alisema Yunisi.

"Jalala hasa. Karibu miaka arobaini ukawa hivyo. Halafu mwaka 1985 Wamarekani wakasema, haya, yeyote aongee humo bila kuomba, mradi atimize masharti. Aongee kwa sauti ndogo. Avumilie kelele za wenzake. Na asimsumbue mwenye leseni. Walipinga wengi, mama. Walisema itakuwa vurugu, kila mtu atamkanyaga mwenzake."

"Ikawa vurugu?"

"Ikawa waifai. Nchi zikafuata moja moja, na sisi tumo. Kifaa kiwe kimeidhinishwa, nguvu iwe ndogo, na usiuze huduma. Ukitaka kuuza, hapo ndipo unaomba leseni."

Yunisi alicheka mpaka akafuta macho kwa kiwiko. "Jamani, si hayo ni mabua? Wamarekani wamechelewa!"

Nieleze kwa wasomaji wa mbali. Kwetu mtama ukishavunwa, shamba linabaki la mwenyewe, lakini mabua ni ya wote. Ng'ombe wa yeyote anaingia, haombi mtu. Hulalamiki kwamba ng'ombe wa jirani amekula kabla ya wako. Sharti ni moja tu, na ni kali. Fahali mwenye tabia ya kuvunja boma au kupiga wenzake pembe, huyo anafungwa nyumbani. Ukimleta kwenye mabua umewavunjia watu heshima, na wazee watakuita. Mimi nikaongeza kwamba hata Mungu aliamuru pembe za shamba ziachwe bila kuvunwa, kwa ajili ya maskini na mgeni. Fredrick akasema hakuwahi kuifikiria hivyo. Tukamwambia ndiyo maana umekuja kununua asali.

Tuliuza asali ya msimu ule tukanunua madishi mawili yenye alama ya kuidhinishwa. Yunisi alikagua alama zile kwa miwani, moja moja, kabla hajakubali yatolewe kwenye boksi. Mwezi wa tisa tulilisimamisha la kwetu kwenye nguzo ndefu kando ya kibanda ambamo Magreth anahudumia wagonjwa, na lingine kwenye paa la kanisa. Yunisi ndiye aliyepanda kote kuwili. Siku ile mtandao ulipowaka, Magreth alimpigia daktari, ingawa hakuwa na mgonjwa, akamwambia tu, "Daktari, hapa ni Itwili," kisha akashindwa kuendelea, na sisi nyuma tukapiga vigelegele mpaka daktari akauliza kuna harusi.

Watu walimshauri auze. Kila siku walimshauri. Weka vocha, mama, hata za bei ndogo, utajenga. Alikataa. Bibi Damari, aliyetaka kuongea na mwanawe aliye mbali, alimletea kuku wa shukrani. Yunisi akamrudisha kuku na kumpa bibi simu.

Sasa naandika kosa letu, maana ni letu, na sidhani kama watu wa mahali pengine wangelifanya.

Vichaka vya Itigi mnavijua. Kiangazi vinasimama uchi, vijiti vitupu, unaona mbali mpaka unajiuliza nyoka wanajificha wapi. Sisi warina asali tunaishi humo kiangazi, ndiyo sura tuliyoizoea, na kiangazi ndipo tulipolipima dishi letu. Mvua zikaja. Mwezi wa kumi na mbili vichaka vikavaa, kijani kizito, ukuta. Na mtandao ukaanza kukohoa. Ukakatika Jumatatu, ukarudi Jumatano, ukafa kabisa siku mbili kabla ya Krismasi. Tuliomba. Tulifunga na kuomba. Tulidhani ni radi, tukadhani ni panya. Kumbe ni majani. Tulijua yanaota, hatukujua yanakunywa mawimbi.

Na wajawazito watatu walikuwa kwenye daftari la Magreth.

Yunisi alikwenda kwa Fredrick, akarudi na neno ambalo hatukuwa nalo: busta. Ni kiboksi kidogo, unakifunga kati ya ruta, kile kifaa cha kugawa mtandao, na dishi, sauti inakuwa kubwa mara nyingi. Fredrick alimwonya. Alimwambia wazi kwamba hiyo inazidi kiwango. Yunisi alikaa na lile onyo siku moja nzima, akimtazama Magreth akilipekua daftari lake. Kisha akanunua busta mbili, akafunga moja kwetu, moja kanisani. Mtandao ukarudi, mkali kuliko mwanzo. Tulishangilia. Yeye hakushangilia, na mimi nilimwona.

Ile busta ya kanisani ilikuwa inapiga kelele usoni pa duka la Benjamin. Alikuwa na waifai yake ya wateja pale, ikafa. Wateja wakahamia kwa mwingine. Benjamin alihangaika mwezi mzima, akabadilisha ruta, akagombana na fundi, mpaka mtu akamwonyesha paa la kanisa. Hakuja kwa shemeji yake. Aliandika malalamiko kwa mamlaka ya mawasiliano, na akayatia chumvi.

Afisa wa mamlaka alikuja katikati ya Februari. Kijana mpole, Enock, mwenye kipimo cha mawimbi kwenye begi na viatu ambavyo matope yetu yalivimaliza. Mtendaji wa kijiji alituita wote kwenye uwanja wa darasa la Jumapili, chini ya nguzo ya dishi. Wanaume wawili walikuwa wameshaegemeza ngazi. Benjamin alikuja kwa pikipiki.

"Shikamoo mama," alisema Enock.

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mama, asante. Mama, nina fomu hapa. Ukitia sahihi, mambo yanakwisha leo."

"Nisomee taratibu. Miwani nimeiacha kwenye mizinga."

Akamsomea. Ilisema: mimi Yunisi nakiri kwamba nimeendesha mitambo ya redio bila leseni, kwamba nimetumia vifaa visivyoidhinishwa, kwamba nimezidisha nguvu ya mawimbi, kwamba nimeuza huduma kwa umma, na nakubali mitambo yote ichukuliwe.

"Na nisipotia?"

Mtendaji akadakia. "Usipotia ni mahakamani, Manyoni. Mama Yunisi, tafadhali. Tia tu. Ni karatasi."

Yunisi akapokea kalamu. Mtendaji akashusha pumzi. Mimi nilijua hesabu yake ilivyo. Akitia, dishi linashuka saa ile ile, na wale wajawazito watatu wanabaki na baiskeli. Asipotia, mwanamke wa miaka sitini na moja anakwenda kusimama kizimbani.

"Mwanangu Enock," alisema, "hapa mmefunga mbuzi wanne kwa kamba moja. Wangu ni mmoja. Ngoja nimtoe."

Lazima mjue desturi ya usharika wetu. Mtu akikosa, anatubu amesimama, mbele ya watu, na anataja kosa kwa jina lake: alitenda nini, lini, na kwa nani. Ukisema "nimekosa mengi, mnisamehe," wazee wanakurudisha ukafikiri tena. Na ukitubu lisilo lako ili mambo yaishe upesi, hilo nalo linahesabiwa uongo. Yunisi amekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na nne. Amewarudisha watu wengi.

Akamgeukia Benjamin. "Shemeji, simama, nina neno na wewe."

"Mimi nimekuja kwa habari za sheria," alisema Benjamin, "si za kanisa."

"Simama, we Benjamin!" ilisikika sauti ya Bibi Damari. "Mtu mzima anakuita!"

Akasimama.

"Tarehe ishirini na nane mwezi wa kumi na mbili," alisema Yunisi, "nilifunga busta kwenye paa la kanisa. Nilikuwa nimeambiwa inazidi kiwango, nikafunga nikijua. Niliogopa yasije yakatokea ya Scola. Lakini hofu yangu nimeibebesha duka lako. Wateja wako wameondoka kwa ajili yangu. Nimepeleka fahali mkali kwenye mabua. Nimekukosea wewe, nimeikosea sheria, nimemkosea Mungu. Nakuomba unisamehe."

Benjamin alitazama viatu vyake, akatazama ngazi, akamtazama afisa kama mtu anayetafuta mlango.

"Jibu," alisema mtendaji, kwa sauti ya chini. Naye ni msharika wetu.

"Basi... nimesamehe," alisema Benjamin. Kisha damu ikampanda. "Lakini anauza! Huyu anauza intaneti, kila mtu anajua! Amegeuka kampuni ya simu!"

"Aliyenunua asimame," alisema Yunisi.

Hakusimama mtu. Halafu Bibi Damari akasimama, polepole, kwa fimbo, na mimi nikasema moyoni, Bwana, tumekwisha.

"Mimi nilimletea kuku," alisema bibi. "Jogoo mwekundu. Akanirudishia. Nilikasirika wiki nzima. Andika hilo, wewe afisa. Andika kwamba anarudisha kuku za watu."

Watu walicheka, na Enock naye akacheka, akajificha nyuma ya fomu yake.

"Bado la vifaa," alisema alipopata pumzi. "Mama, nahitaji namba ya kuidhinishwa."

Yunisi aliisogeza ngazi iliyoletwa kumshushia dishi, akaipanda. Miaka sitini na moja, na kanga imefungwa vile vile. Alimsomea namba kutoka juu, tarakimu moja moja, bila miwani, maana alikuwa anaijua kwa kichwa. Enock akaiandika, akatoa simu aitafute kwenye orodha ya vifaa vilivyoidhinishwa. Akaizungusha simu huku na huku. Haikushika. Akanyoosha mkono juu.

"Hapo hupati," alimwambia Magreth. "Labda upande kilima."

"Au utumie ya kwetu," alisema Yunisi kutoka juu ya ngazi.

Basi afisa alipewa neno la siri, na kwa nguvu ya busta yetu ya dhambi akahakikisha kwamba dishi letu halina dhambi. Namba ilikuwepo kwenye orodha. Aliisoma mara mbili. Kisha akatoa kipimo chake, akapima, akatikisa kichwa.

"Inazidi, mama. Sana."

"Najua. Pima tena." Akachomoa busta kwa mkono wake, akashuka nayo, akamkabidhi. Akamkazia macho alipokuwa anapima. Enock akatazama kipimo kwa muda mrefu.

"Sasa imo ndani ya kiwango."

"Ya kanisani Fredrick ameichomoa asubuhi, nilimtuma; hii moja ndiyo iliyokuwa inatuvusha. Utamkuta nayo." Yunisi akatoa kipande cha karatasi ya daftari kifuani, akaandika ameegemea mgongo wangu. Nilihisi kila herufi. Aliandika: "Niliweka busta mbili. Nilijua zinazidi. Nilimsumbua Benjamin, ameniambia amesamehe. Zote mbili zimeondolewa. Sijauza. Dishi lina namba na linabaki." Akatia sahihi, akampa.

"Mama, hii siyo fomu."

"Fomu mwanangu utazipata nyingine. Hii ndiyo niliyoyatenda. Kama mahakama inataka zaidi ya hapo, nitakuja Manyoni na nitasema hivi hivi, na nitakuja na Bibi Damari."

"Na jogoo," alisema bibi.

Mtendaji akaashiria wale wanaume. "Dishi lishushwe kwanza, mengine baadaye."

Yunisi alikaa chini, kwenye udongo mbichi, mgongo ukiegemea nguzo. Mimi nikaenda nikakaa. Magreth akakaa. Kwaya nzima ya akina mama ikakaa, sauti ya kwanza upande huu, sauti ya pili upande ule, kwa mazoea tu. Wale wanaume walitutazama, mmoja wao mama yake alikuwa amekaa pale, wakaichukua ngazi yao wakaondoka nayo.

Enock alikunja karatasi ya Yunisi akaitia mfukoni. "Mtambo ubaki kama ulivyo mpaka uamuzi wa maandishi utoke," alisema. "Bila busta."

"Bila busta," alisema Yunisi.

Lakini bila busta mtandao ulikuwa umekufa. Magreth alijaribu pale pale. Hakuna kitu. Majani yalikuwa yamesimama kati yetu na kanisa, na yangesimama mpaka mwezi wa tano. Benjamin alikuwa anawasha pikipiki yake.

"Shemeji," alisema, "sheria umeishinda. Majani je?"

Yunisi alikuwa anakitazama kile kilima cha mawe. Hapakuwa na kichaka juu yake, mawe matupu, na ukisimama juu unaliona paa la kanisa likimeta.

"Dishi litapanda," alisema.

"Na kibanda cha Magreth kiko huku chini, waya haufiki," Fredrick alituambia jioni alipokuja. "Inatakiwa kibanda kiwe karibu na dishi."

"Basi na kibanda kitapanda."

Wanaume walisema hawa wanawake wamerogwa. Zahanati inahamia mlimani? Tulikuwa tumeijenga sisi wenyewe, kwa miti na udongo na bati nane, na sisi wenyewe tukaibomoa. Jumamosi tatu. Bati tulibeba vichwani, wawili wawili, upepo ukitaka kuturusha. Tuliweka kibanda kwenye kitako cha kilima, mahali ambapo mama mjamzito anafika kwa miguu bila kuhema, na dishi likapanda mpaka jiwe la juu. Jumamosi ya tatu wanaume nao walikuja, wakidai walikuwa wanangoja kualikwa.

Likawaka. Kwa nguvu ile ndogo ya halali, ile ya kwenye boksi. Mwezi wa tatu Magreth aliita gari mara mbili, na mara zote mbili lilifika mchana.

Barua ya uamuzi ilikuja mwezi wa nne. Lilikuwa onyo moja, kwa ajili ya busta mbili. Leseni, vifaa, kuuza, hayo yote hayakuwemo. Yunisi alivaa miwani, akaisoma mpaka mwisho, akaomba kalamu, akatia sahihi hata kabla sijamaliza kumpongeza. "Hii ni yangu," alisema.

Na Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Benjamin alimngojea nje ya kanisa. Alikuwa na shida. Waifai yake ya dukani ilikuwa imerudi, lakini bado ilikuwa inagongana kidogo na dishi la kwenye paa, na Fredrick alikuwa amemwambia kwamba ndani ya ule ukanda kuna njia kumi na tatu, watu wakijipanga hawagusani.

"Shemeji, wewe uko njia ipi?"

"Sita."

"Na mimi sita. Hama basi."

"Nitahamia ya kwanza," alisema Yunisi. "Wewe nenda kumi na moja. Tutakuwa mbalimbali."

Benjamin alifikiri, akaona ni sawa, na ndiyo ikamuudhi. "Haya. Lakini niambie ukweli. Hiyo ya kwanza, kibali nani amekupa?"

Yunisi alikuwa anafunga kitabu chake cha nyimbo kwenye kitambaa.

"Yule yule," alisema, "aliyekupa wewe kumi na moja."